Ngozi Imechoka, Pochi Imechoka Zaidi

Hakuna fedheha ya mchana kweupe inayozidi ile ya mtu kuingia duka la vipodozi kununua mafuta ya kupaka basi, halafu muuzaji amkazie macho, ainamishe kichwa upande, na kusema kwa sauti ya kumpa pole mfiwa: "Dada yangu, hii ngozi imechoka." Yanasemwa hayo mbele ya wateja wengine na konda aliyeingia kutafuta chenji. Imechokaje? Imelima? Imebeba magunia bandarini? Imekesha ikisuluhisha ndoa za watu? Kabla mteja hajauliza, shavu limeshaguswa na kioo kimeshasogezwa chini ya taa nyeupe ambayo hata malaika akisimama hapo ataonekana ana malaria. Naye anajitazama, na kweli, anaanza kuuona huo uchovu. Kisha linakuja swali la kummaliza: "Kwani wewe ngozi yako ni ya aina gani?" Mtu mzima, ana kitambulisho cha taifa, analijua kundi lake la damu, na hajui ngozi yake ni ya aina gani. Aibu hiyo ndiyo mtaji wa biashara nzima. Mimi nasema anayeanza kutunza uso wake hana haja ya kuilipia. Anahitaji vitu vitatu: cha kuoshea, cha kupaka, na cha kuzuia jua. Vilivyobaki rafuni, vizuri kwa vibaya, vinaweza kusubiri, na vingine visubiri hadi Kiyama.

Tuanze na swali lenyewe. Mgawanyo wa ngozi kuwa kavu, ya kawaida na ya mafuta haukuanzia hospitalini. Anayetajwa kuueneza ni Helena Rubinstein, mzaliwa wa Kraków wa mwaka 1872, aliyeanza biashara ya krimu huko Australia na kufa akiwa miongoni mwa wanawake matajiri wa dunia. Yaani aliyezigawa nyuso za watu makundi ndiye aliyekuwa na kopo la kila kundi. Sikatai kwamba mgawanyo huo una chembe ya ukweli, maana vinyweleo vya mtu mmoja humwaga mafuta kuliko vya mwenzake, na kijana wa miaka 16 humwaga kuliko babu yake. Lakini ngozi ile ile iliyong'aa mafuta Temeke mwezi Machi itapauka Makambako mwezi Julai, na mwenyewe hajabadilika chochote isipokuwa kupanda basi. Muuzaji ataichukua hali ya hewa ya siku moja na kuifanya ukoo. Akishakuweka kwenye ukoo wako anaanza kupanga: ya kuondoa vipodozi, ya kuosha, ya kusugua, tona, esensi, seramu ya asubuhi, seramu ya usiku, krimu ya macho, barakoa ya Jumamosi, krimu ya mchana, krimu ya usiku. Ukishtuka unaambiwa ndivyo wanavyofanya Wakorea. Zile hatua kumi za Kikorea zilipata umaarufu Marekani katika miaka ya 2010, na mmoja wa waliozieneza sana ni Charlotte Cho, ambaye yeye na mumewe walikuwa na duka la mtandaoni la kuuza bidhaa hizo hizo. Sina ugomvi na Wakorea, wala na Bi Cho. Ugomvi wangu ni na hesabu ambayo aliyeipiga ndiye mwenye stoo.

Sasa turudi kwenye ule uchovu, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Ile ngozi unayoambiwa imechoka haijachoka hata kidogo. Imekufa. Tabaka la nje kabisa la ngozi ya kila binadamu, wa Masaki na wa Mbagala, ni seli zilizokufa, zimepangana safu kumi na tano hadi ishirini, na zote pamoja, ukiacha viganja na nyayo, ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Seli huzaliwa chini, zikasukumwa juu na ndugu zao wanaozaliwa nyuma yao, njiani zikabanana, zikapoteza kiini chake kila moja, zikajaa protini ngumu iitwayo keratini, zikafika juu zikiwa maiti bapa, zikakaa kazini kwa muda, kisha zikadondoka bila mtu kujua. Kwa kijana safari hiyo huchukua takriban wiki nne, na kadiri umri unavyosogea ndivyo inavyorefuka. Mtafiti wa Marekani Peter Elias alilieleza tabaka hilo kuwa ni ukuta wa matofali: seli zilizokufa ndizo tofali, na katikati yake kuna udongo wa kujengea ambao ni mafuta, mchanganyiko wa seramidi, asidi za mafuta na kolesteroli. Naam, kolesteroli ile ile uliyokatazwa na daktari kwenye chipsi mayai, hapa ni fundi muashi. Kazi ya ukuta ni mbili: maji ya mwilini yasivujie nje, na uchafu wa nje usipenye ndani. Tena unajikarabati. Ukikwanguliwa, ngozi hupata habari kwamba maji yanavuja, na ndani ya saa chache huanza kumwaga mafuta mapya kwenye nyufa. Hakuna aliyeiagiza, hakuna seramu iliyoiamsha. Inafanya hivyo kwa mfugaji wa Longido na kwa mtangazaji wa televisheni, bure, usiku na mchana. Kwa hiyo swali la mtu anayeanza halipaswi kuwa "niongeze nini?" Linapaswa kuwa "ni nini ninachofanya kinachoubomoa ukuta huu kila asubuhi?"

Na jibu mara nyingi ni sabuni. Uso wa ngozi una asidi kidogo, pH yake ni karibu na 5, na asidi hiyo ndiyo inayovifaa vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya ukuta na kuwabana vijidudu wabaya. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Kila namba moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo tofauti ya namba nne au tano si tofauti ya majirani. Tena sabuni haina macho. Imeumbwa kubeba mafuta, nayo hubeba yote inayoyakuta: ya jasho, ya vumbi la daladala, na yale yaliyokuwa yameshikilia matofali. Ndipo mtu anaponawa uso ukamvuta hadi akashindwa kucheka, akajitazama na kusema, "Sasa nimetakata." Hajatakata, amebomolewa. Sabuni ya mche ilitengenezwa kwa ajili ya kola za mashati, na kola haina kimeng'enya. Mtu akiongeza dodoki lililozoea visigino, akasugua paji la uso mpaka likawaka, hapo ndipo muuzaji anapompata na kumwambia ngozi imechoka, na kwa mara ya kwanza atakuwa anasema kweli. Dawa ya hili ni rahisi mno hata inaaibisha: sabuni laini isiyo na manukato makali, usiku mara moja kuondoa ya mchana, na vidole vya mkono wako mwenyewe. Asubuhi maji matupu yanamtosha mtu ambaye hakulala shambani.

Cha pili ni cha kupaka, na hapa nitaomba radhi kwa wenye maduka, maana bingwa wa kazi hii ana umri wa zaidi ya miaka mia na hamsini na anauzwa kwenye kila genge. Mwaka 1859 kijana mkemia aitwaye Robert Chesebrough alikwenda Titusville, Pennsylvania, ambako mafuta ya petroli yalikuwa yameanza kuchimbwa, akawakuta vibarua wakilaani uji mzito unaogandamana kwenye mitambo na kukwamisha pampu. Walakini vibarua hao hao wakijikata au kuungua, walikuwa wakiuchota na kuupaka kidondani. Chesebrough akabeba ule uji, akausafisha kwa miaka, na mwaka 1872 akapata hataza ya Vaseline, ndiyo haya mafuta ya mgando ya leo. Ili watu wamwamini, inasimuliwa kwamba alikuwa akijichoma na kujikata mwenyewe mbele ya hadhara na kujipaka, na kwamba kila siku alikula kijiko kimoja. Simshauri mtu, ila alikufa mwaka 1933 akiwa na miaka 96. Uchawi wa mafuta haya ni kwamba hayafanyi chochote. Hayalishi ngozi, hayaiamshi, hayazungumzi nayo. Yanakaa juu tu na kuziba, na upotevu wa maji huweza kupungua hadi kwa asilimia 98, kiasi ambacho krimu nyingi za bei ya kuruka hazikifikii. Chini ya kifuniko hicho ukuta unajijenga wenyewe. Sharti ni kupaka ngozi ikiwa bado na unyevu, kidogo, kwa sababu kinachozibwa ni maji yaliyopo. Ukiziba ukame unahifadhi ukame. Kenya wanaijua hekima hii vizuri: Arimis ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wa maziwa, watu wakaipima, wakaona ng'ombe asiwe peke yake. Anayeishi kwenye joto la Pwani na kuona mafuta ya mgando yanamtiririka hadi kidevuni achukue losheni nyepesi yenye gliserini, ambayo huvuta maji na kuyashika. Bei isimtishe kwa kuwa ndogo.

Hapo najua atasimama mtu na kusema: bibi zetu hawakuwa na vitatu wala kimoja, walinawa maji ya kisima na ngozi zao zilikuwa hariri. Pingamizi hili lina heshima yake, na nalipenda kwa sababu linanisaidia. Bibi wa Pwani alikuwa na utaratibu, ila hakuwa akiuita hivyo. Alisaga liwa kwenye jiwe akajipaka usoni, tope jepesi la msandali linalokaa juu ya ngozi. Alikuwa na mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani. Alikwenda shamba alfajiri na kurudi jua halijasimama, na kama alichelewa, upande mmoja wa kanga ulikuwa kichwani. Singo, ile ya mawaridi na asumini, aliitoa wakati wa harusi, si kila Jumatano. Hesabu: kuosha, kupaka, kukwepa jua. Kwa hiyo bibi yuko upande wangu. Ambacho simkubalii mtetezi wake ni kufanya nazi kuwa dawa ya kila uso. Mafuta hayo huziba vinyweleo vya baadhi ya watu, hasa wenye chunusi, na bora yakabaki kwenye miguu na nywele. Na tukumbuke pia kwamba mabibi waliokuwa na vipele hawakupigwa picha za kutundikwa sebuleni.

Kuzuia jua ndiko kunakozua ubishi mkubwa zaidi, na wabishi wana hoja. "Mtu mweusi na mafuta ya jua wapi na wapi?" Jibu la haki ni kwamba melanini inafanya kazi kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulikadiria kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga kwa kiwango cha SPF (kipimo cha kinga ya jua) 13 hivi, na la ngozi nyeupe kiwango cha 3 hivi. Saratani za ngozi zinazotokana na jua ni chache sana kwetu weusi, na anayekuuzia chupa kwa kukutisha na saratani anakuuzia hofu ya mtu mwingine. Sababu yetu ni nyingine: madoa. Chunusi ikipona kwenye ngozi nyeusi huacha alama, na jua huikoleza hiyo alama mwezi baada ya mwezi, hata mtu akaanza kutafuta krimu ya kuondoa doa ambalo lingejiondokea lenyewe kama lingefunikwa. Tena kwa ngozi yetu inayokoleza si mionzi ya urujuanimno peke yake. Hata mwanga huu wa kawaida tunaouona kwa macho unashiriki, na mafuta mengi ya jua hayauzuii. Yanayouzuia vizuri ni yale yenye rangi, yaliyotiwa oksaidi za chuma, ambayo ni jamaa ya kutu. Rangi hiyo pia inaponya ugonjwa wa pili wa mafuta ya jua: zinki nyeupe, ambayo mtu akijipaka na kutoka nje majirani humwuliza mashine ya kusaga imefunguliwa saa ngapi. Kuhusu namba za kwenye chupa, SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza, SPF 50 takriban 98. Kwa asilimia hiyo moja utaombwa nauli ya kwenda Morogoro. Kibaya zaidi, namba hizo hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita mraba, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au pungufu. Mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili ndiyo inayotosha uso na shingo. Na kama fedha hakuna, kofia pana haina muda wa kuisha matumizi.

Ila hapa kicheko kinanikauka. Namba ya SPF hupimwa kwa kuangalia ngozi inahitaji mionzi kiasi gani kuwa nyekundu, yaani kipimo kizima kimesimama juu ya ngozi inayoiva na kuwa nyekundu. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick wa Harvard alizipanga ngozi kwa namna zinavyoungua juani, naye aliweka madaraja manne, yote ya watu weupe. Alikuwa na sababu yake ya kitabibu, ya kupima dozi za tiba ya mwanga. Daraja la tano na la sita yaliongezwa baadaye ili watu wa rangi ya kahawia na weusi nao wapate pa kukaa. Weupe manne, dunia iliyobaki mawili. Kuanzia Mhabeshi hadi Mdinka tunagombea viti viwili vya mwisho, halafu tunashangaa kwa nini chupa iliyotengenezwa kwa kipimo hicho inatupaka chokaa. Na wakati sisi tunabishana kama tunahitaji, wapo majirani zetu ambao kwao hakuna ubishi. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia, na kwao jua la saa sita ni hatari ya saratani, kamili, bila mzaha. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini nenda duka la vipodozi la mjini uangalie rafu: krimu za kung'arisha zimejaa ukuta mmoja mzima, na mafuta ya jua, yakiwepo, ni chupa mbili zimefungiwa kwenye kabati la kioo karibu na mashine ya kuhesabia fedha.

Pingamizi la tatu ni la wasomi: seramu nyingine zinafanya kazi, ushahidi upo. Ni kweli, na sitauficha. Retinoli na jamaa zake wa vitamini A huharakisha ile safari ya seli kutoka chini kwenda juu, hufungua vinyweleo na hulainisha mikunjo. Lakini mwanzilishi afahamu anashika nini. Ngozi isiyozoea hubabuka na kuwasha, ukuta wenyewe hulegea, na mjamzito hapaswi kabisa kuigusa. Aanze na vile vitatu, ukuta utulie kwa wiki kadhaa, kisha aongeze kimoja, kidogo, usiku, siku moja na kuruka. Akiongeza vinne kwa mpigo akatoka vipele, hatajua amshtaki yupi. Tukiwa hapo hapo kwenye ushahidi, tuutaje wote. Asidi ya vitamini A iliingia kwenye tiba ya chunusi hasa kwa juhudi za Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kuanzia 1951 hadi 1974 Kligman aliendesha majaribio ya kila namna kwenye gereza la Holmesburg, Philadelphia, juu ya migongo na mikono ya wafungwa, wengi wao weusi, waliolipwa fedha kidogo na kuelezwa kidogo zaidi, na majaribio ya asidi hiyo yalikuwa miongoni mwao. Yeye alitajirika. Jina lake limo pia kwenye ule utafiti wa 1979 nilioutaja juu, wa melanini. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022, wengi wa waliofanyiwa wakiwa kaburini. Sisemi mtu aitupe chupa yake. Nasema kwamba tunapoambiwa sayansi imethibitisha, ni haki kujua ilithibitisha juu ya mgongo wa nani, na kwamba watu wa ngozi yetu walikuwepo mwanzoni kabisa mwa biashara hii, kwa upande wa kupakwa.

Ajali zilizobaki hazistahili aya nzima. Ndimu usoni halafu juani: majimaji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha doa jeusi la miezi. Dawa ya meno juu ya chunusi: meno hayana vinyweleo. Sukari ya kusugulia: chembe zake zina kona, uso hauna haja ya kona. Magadi: pH yake ni kubwa kuliko hata ya sabuni, na yabaki kwenye maharage. Mwenye chunusi kweli aende duka la dawa aulizie benzoili peroksaidi au adapaleni, apewe maelekezo, avumilie wiki nane hadi kumi na mbili, na kama zinaacha mashimo amwone daktari wa ngozi.

Ajali moja tu siwezi kuipitia juu juu, kwa sababu si ajali. Mteja akishakubali kwamba ngozi yake imechoka, neno linalofuata ni "kung'arisha," na baada ya hapo analetewa kopo lisilo na jina, limejazwa nyuma ya duka, na anaambiwa kwa fahari kwamba dada mwenyewe ndiye aliyechanganya. Mkorogo huo wiki mbili za kwanza ni muujiza: vipele kwisha, uso laini, rangi imepanda, shemeji anauliza siri. Muujiza wenyewe mara nyingi ni steroidi kali, dawa ya kutuliza ukurutu ambayo daktari huiandika kwa siku chache, na ambayo ikipakwa kwa miezi huikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana, kisha siku ukiiacha uso unawaka moto. Ukibahatika zaidi kuna haidrokwinoni, na usipobahatika kuna zebaki, ambayo huzuia utengenezaji wa melanini na kuharibu figo, na haiishii kwa aliyejipaka. Inahamia kwenye taulo, shuka na mtoto anayenyonya. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka kikomo cha sehemu moja ya zebaki katika milioni kwa vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata hicho kikomo, zebaki isiwepo kabisa kuanzia 2025. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Sheria ipo basi. Wapo wanaosema watu wazima wana hiari ya nyuso zao, na mimi ningekuwa wa kwanza kukubali kama kopo lingeandikwa kilichomo. Hiari ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia siijui ni hiari gani.

Kwa hiyo, msomaji, ukisimama kwenye hilo duka na ukaambiwa chochote kuhusu ngozi yako, geuza kopo usome nyuma. Kama hakuna jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya kuisha, lirudishe rafuni, nunua mafuta ya mgando, na udai chenji yako.